Chombo Kilichoitwa Semeni

Sikieni hii, ninyi mnaosifu vyombo bila kuuliza nani alivisuka.

Panya buku mmoja, Bi Semeni, alikata matete kwa meno yake akasuka chelezo cha kwanza cha kutembeza wageni ziwani. Kilibeba wageni sita tu, naye alimwita kila mmoja kwa jina na kumwekea tunda alilolipenda safari iliyopita. Meno yalipolika, akamwachia kazi Korongo, ndege mwenye maneno.

Korongo akaongeza vyombo viwili vyenye mito ya manyoya, na kila safari akawasimulia wageni historia ya shirika. Siku moja alisema mwasisi alizama akiokoa abiria. Tausi waliokuwa wageni siku hiyo wakalia, kisha wakaomba safari nyingine. Basi tangu hapo akawa anamzamisha kila safari.

Chombo cha nne kilipozinduliwa, kiliandikwa ubavuni SEMENI. Bibi akajikongoja hadi gatini.

"Nipandishe, mwanangu. Nizunguke mara moja tu."

Korongo akapekua orodha. "Jina lako halimo, bibi."

"Si lile pale ubavuni?"

Korongo akainama, akamnong'oneza. "Bi Semeni, tafadhali. Wewe ulishakufa, na wageni hawa wamekuja kwa ajili hiyo."

Kisha akawaomba wageni wasimame kimya kumkumbuka mwasisi. Wote wakasimama. Bi Semeni, ambaye hakuwahi kumharibia mgeni safari, naye akainamisha kichwa.