Kwenye Ngazi za Kasri

Mwanahawa na mumewe Shomari walikuwa wamekwenda kutembea siku mbili katika mji mkuu wa nchi ya jirani, kusherehekea miaka thelathini ya ndoa. Asubuhi ya pili waliingia kasri la zamani. Shomari akaenda msalani, naye Mwanahawa akamngojea kwenye ngazi za nje, simu mkononi, ampige picha akitoka.

Shomari alitoka akitazama huku na huku, kisha akamjia polepole.

"Samahani, dada," alisema kwa adabu. "Hujamwona mke wangu hapa?"

Mwanahawa alicheka, akidhani ni utani. Lakini macho ya mumewe yalikuwa yakimtazama kama mtu asiyemjua kabisa.

"Shomari, ni mimi."

Shomari alimpita kando, akashuka ngazi kinyumenyume. "Nani amekwambia jina langu?"

Nyuma yake kulikuwa na barabara pana, magari yakipita kwa kasi. Mwanahawa aliona kwamba akisema neno jingine la kumtisha, mumewe atakimbia, na katika mji ule hakujua hata namna ya kuomba msaada kwa lugha ya huko. Akalazimisha sauti itulie.

"Amevaaje huyo mkeo?"

"Gauni la kijani. Ana mimba, hawezi kwenda mbali."

Mtoto wa mimba hiyo sasa alikuwa na miaka ishirini na minane.

"Basi twende tukamtafute," Mwanahawa alisema, akamnyooshea mkono.

Shomari aliutazama mkono ule huku kundi la watalii likipita katikati yao, kisha akaushika kwa adabu, kama anavyoshikwa mkono wa mgeni.