Ukurasa wa Tatu

Redio ya zahanati ilipokea herufi tu, picha haikuweza. Kwa hiyo picha ya eksirei ya mguu wa Raya, iliyopigwa hospitali kubwa kabla mafuriko hayajakata barabara na iliyosubiriwa ili kujua kama mguu ukatwe, ilifika ikiwa kurasa tatu za herufi zisizoleta maana. Nesi Sikudhani alizichapa kwenye kompyuta moja moja, ili zirudi kuwa picha.

Ukurasa wa tatu ukakosekana. Aliukuta kwa Bi Kibibi, mama yake Raya, aliyekaa kando ya kitanda cha bintiye, umelowekwa ndani ya bakuli la maji.

“Mama! Unafanya nini?”

“Si kombe hili, mwanangu? Maandishi kama haya huoshwa, mgonjwa akanywa maji yake.”

Sikudhani aliuopoa haraka. Wino ulikuwa umeanza kutoka, lakini herufi zote bado zilionekana. Akachapa mpaka mfupa ukajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, mweupe na mzima.

“Umeunga,” alisema, akajibwaga kitini. “Mguu haukatwi.”

Bi Kibibi alishusha pumzi ndefu. Kisha akalichukua lile bakuli, maji yake yameshaingia ubuluu, akalishika kwa mikono miwili na kumsogezea binti yake mdomoni.