Lenzi ya Mwisho

Daktari wa macho alichomeka lenzi ya mwisho kwenye miwani aliyomvika mume wangu, kisha akanigeukia nimtafsirie.

"Baba watoto, anauliza sasa unaona taa ngapi."

Alikodoa macho hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Huku ugenini tumebaki na mshahara wake tu, wa kuendesha basi la shule.

"Mbili, kama jana," akasema kwa lugha yetu, taratibu, ili daktari asishtuke. "Wewe mwambie moja."

Binti yetu alikuwa amesinzia mapajani mwangu na sare yake. Basi analopanda ni hilohilo.

"Moja," nikamwambia daktari.

Mume wangu akashusha pumzi. Akanyoosha mkono ampapase mtoto kichwani, akapapasa hewa.