Mfuko wa Ndani ya Koti

Mdogo wangu alifungua koti la Kimya taratibu mbele ya wageni wa makumbusho, kama anayemfunua bibi harusi.

"Nililishona mimi," akasema. "Ningejuaje kwamba mteja ni muuaji?"

Kimya aliua watu saba pale stesheni, na miaka thelathini baadaye mji bado unakula kwa jina lake. Kuna mkahawa wa Kimya, kuna fulana za Kimya, na watoto wakikataa kulala wanaitiwa Kimya. Halafu kuna mdogo wangu, anayepigwa picha kila Jumamosi mpaka meno yanamkauka.

Mimi husimama nyuma, roho inaniuma. Sisi sote ni mafundi wa duka moja, la marehemu baba.

Mama mmoja akagusa mfuko wa siri kwenye bitana, mrefu na mwembamba.

"Na huu?"

"Aliyeushona huo hatukumpata," akajibu mlinzi, askari mstaafu.

Mdogo wangu akacheka. "Huo uliongezwa na fundi wa kubahatisha. Tazameni mishono ilivyolala upande."

Imelala upande kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Nikapenya hadi mbele.

"Wa kubahatisha?" nikasema. "Haya, muulizeni kisu kilikuwa na urefu gani. Mimi najua. Mwenyewe alikileta dukani, nikakipima kwa futi, mara mbili. Ndiyo maana hakikuchezacheza mle ndani mpaka mtu wa saba."