Bahari Iliyotangulia

Umeme uliporudi, Mwanakheri alifungua nakala ya hesabu za kupanda kwa bahari aliyoihifadhi kwenye kompyuta kabla ya likizo, ili ziendelee kutabiri miaka ijayo kuanzia pale alipoziacha. Lakini zilikuwa zimetangulia miaka mingi mbele. Ramani ilionyesha maji yamekwisha kufika sokoni.

“Makame, nani ameziendesha?”

“Umeme huo, dada. Si unajua unavyokatikakatika.”

“Umeme ukikatika, bahari yetu husimama. Haiendi mbele.”

Ufunguo wa chumba cha kompyuta walikuwa nao wao wawili tu, majirani wa ufukweni tangu utoto.

“Basi usimwambie mtu kwanza,” Makame akanong'ona, akiificha miguu chini ya kiti. Viatu vyake vilikuwa na saruji mbichi na udongo mwekundu wa mlimani, ambako kwenye ramani maji hayakufika.