Gurudumu Lililonguruma Njia ya Kabambare

Ayoubu alilipiga gurudumu la mbele teke la tatu, kana kwamba chuma kina masikio.

Tangu Kasongo gari kuukuu la baba yake lilikuwa likinguruma upande wa mbele, na kila alipoongeza mwendo, ngurumo nayo ilipanda. Fundi jirani alitaka kulitazama kabla ya safari. Ayoubu alimcheka. Alisugua plaketi za breki kwa msasa, akafunga gurudumu, akaondoka. Sasa walikuwa wamesimama karibu na Lusangi, na gurudumu la kushoto limepata moto hata halishikiki.

"Saa nane watatungoja," alisema rafiki yake Ibrahim, aliyekuja kumsindikiza. "Tukikosa leo, yule mwalimu wa Wamaza anayeposa vilevile ndiye atapewa jibu."

"Mwalimu," alisema Ayoubu, akatema mate. "Mutu wa baiskeli."

Mwanamke mmoja alikuja kwa miguu, kikapu cha mchele kichwani, bata kwapani. Alisimama, akawasalimu huku akiwatazama vizuri, akauliza wanaenda wapi.

"Kabambare, kwa Mzee Musafiri, kuposa mutoto wake Rachida," alijibu Ayoubu. "Umejua sasa. Endelea na njia yako."

Mwanamke hakuendelea. Alivuta kitenge mpaka kwenye paji la uso, akawapa mgongo, akatua kikapu, akakaa kando ya barabara akiangalia shamba la mihogo.

"Unaona, Ibrahim?" alisema Ayoubu. "Wanawake wa pori. Akisikia mambo ya wakubwa, anajificha."

Mwanamke alisema, bila kugeuka, "Baba Ibrahim, maana nimesikia ndilo jina lako, muulize mwenzako. Ile kelele inalia akikanyaga freni tu, ao wakati wote?"

"Wakati wote, mama," alijibu Ibrahim.

"Basi si plaketi. Akikata kona kwenda kuume, inazidi?"

Ibrahim alifikiri kidogo. "Inazidi."

"Ni rulma ya kushoto, zile chuma za kuzungusha gurudumu. Bwana yangu aliendesha kamio ya mizigo miaka kumi na mbili. Mimi ndiye nilimushikia taa."

Ayoubu alicheka mpaka akashika tumbo. "Leo tumepata fundi. Mugongo ndiyo inatengeneza motokari."

Lakini fundi mwingine hakuwapo. Ibrahim aliinua gari kwa kriki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likagonga, ko, ko. Akalizungusha kwa mkono, likasaga kama mchanga ndani ya meno.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema Ayoubu.

Walipofungua, grisi ilikuwa imeungua, nyeusi na kavu. Mwanamke alirusha nyuma yake kitambaa safi alichokuwa amefunikia mchele. "Baba Ibrahim, mwambie afute na mafuta ya gari, kisha aangalie kama chuma zimemeguka."

Hazikuwa zimemeguka. Ibrahim alileta kopo la grisi, wakazijaza kwa vidole. Ufunguo mkubwa hawakuwa nao, kwa hiyo Ayoubu aligonga nati kwa patasi na nyundo, akikaza huku Ibrahim akizungusha gurudumu. Alikaza kwa hasira, kama anayemwadhibu mtu.

"Inakuwa nzito?" aliuliza mwanamke.

"Nzito, mama."

"Mwambie arudishe nyuma kidogo sana. Ikibaki imekazwa hivyo itaungua tena kabla ya kufika."

Ayoubu alirudisha, huku akinung'unika kwamba ndivyo alivyotaka kufanya.

Grisi ikiwa bado mikononi mwao, mwanamke alitoa mihogo ya kuchoma kikapuni, akaiweka juu ya jani, akalisogeza kwa mguu upande wa Ibrahim, kisha akaenda nyuma ya majani marefu. Hakutoka mpaka walipomaliza kula.

"Hata kula mbele ya watu hawajui," alisema Ayoubu, mdomo umejaa mihogo.

"Asante, mama," Ibrahim aliita kuelekea kwenye majani. Ni yeye peke yake aliyeshukuru.

Ayoubu aliendesha mpaka kwenye mti mmoja ulioanguka kando ya barabara, akarudi. Gari lilikuwa kimya. Aliteremka akijipangusa shati, jua bado halijafika katikati.

"Tumupakie mama," alisema Ibrahim. "Iko anaenda njia yetu."

"Na bata yake? Anuke ndani ya motokari siku ya posa yangu?" Ayoubu alimtazama mwanamke, ambaye bado alikuwa amewapa mgongo. "Sikia, Ibrahim. Nikishamuoa Rachida, hii njia sitaipita tena, na yeye hatarudi huku. Mama yake akitaka kumuona, atatembea mpaka Kasongo, atakaa inje na bata yake kama huyu, mpaka nitakapotaka kumuita."

Ibrahim aliinamisha kichwa.

Mwanamke alisimama polepole. Aliteremsha kitenge kutoka kichwani, akakifunga kiunoni. Kisha akageuka, akamkaribia Ayoubu mpaka wakawa hatua moja, akamtazama machoni, na hakupepesa.

"Gurudumu imepona. Itakurudisha Kasongo salama," alimwambia. "Kwetu, mama haangalii uso wa mutu mwenye ataoa mutoto wake. Sasa mimi ninakuangalia."