Kisasi cha Vitambi

Kidole cha pili kilipovunjika, mchongaji aliacha kupiga kelele. Alibaki akihema tu, shavu limelalia meza yake mwenyewe ya kazi, damu ya pua ikichuruzika katikati ya patasi na visu vyake vidogo.

"Bado vitatu," alisema Shoka, akazidi kumkandamiza mgongoni kwa goti.

Shoka alikuwa mwenye bucha, mikono yake imezoea mifupa. Asubuhi ile ile alikuwa akiwapimia wateja nyama na kuwatania kama kawaida yake. Alasiri akafunga duka mapema, akatia nyundo kwenye koti, akaja mpaka kwenye karakana hii ya mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni. Alibisha hodi kistaarabu. Mlango ulipofunguka, ngumi ndiyo iliyotangulia kuingia.

Hakuja kuiba. Alikuja kwa ajili ya Vitambi.

Hilo ndilo jina ambalo yeye na kaka yake waliwapa utotoni wale viumbe wa anga za mbali, vijisanamu vya mchezo wa vita vya mezani: vichwa kama maboga, macho yamewatoka kama wamekabwa, matumbo mbele, miguu mitatu iliyopinda. Walikuwa wabaya wa sura mpaka unawapenda. Tena walikuwa wa risasi, yale madini mazito, si plastiki. Mama yao alizoea kuwaambia majirani, "Wanangu wako ndani wanacheza na risasi," na majirani wanashika vifua.

Kaka mtu aliugua, akaisha kidogo kidogo kama sabuni. Siku aliyokata roho, muuguzi ilimbidi ambandue vidole kimoja kimoja ili kumtoa Kitambi kiganjani mwake.

Jumamosi iliyopita Shoka alilipeleka jeshi la marehemu kwenye mashindano. Mwamuzi alimnyanyua mmoja kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya mfu.

"Hawa hawatambuliki tena kwenye mchezo, bwana. Nunua wapya."

Wapya! Shoka aliwatazama mezani: wembamba, wameng'aa, nyuso laini kama za matangazo ya losheni. Warembo watupu, na upepo ukipita wanaanguka. Ukumbi mzima ukamcheka yeye na matumbo yake ya risasi. Alipouliza ni nani aliyewachonga hao Warembo, mtu mmoja alimwelekeza huku akicheka.

"Ni wewe uliyewachonga?" alimuuliza sasa, akimvuta nywele. Zilikuwa za mvi, chache.

"Ni mimi. Kampuni waliniletea picha, nikachonga. Nina familia, ndugu yangu."

"Ukawaua wale wa zamani."

"Wale wa zamani..." mchongaji alianza. "Wale wa zamani, mwanangu, mimi—"

Shoka alimpiga kibao cha mdomo. "Usiwataje! Mdomo huo usiwataje kabisa!"

Jino lilidondoka juu ya meza. Mzee akalitazama kwa mshangao, kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Aliyewachonga wale alikuwa mtu," Shoka alisema. "Ameshajifia huko, na ninyi mmengoja afe ndipo mkaharibu kazi yake. Kaka yangu amekufa ameishika kazi yake mkononi. Unanielewa? Hakushika mkono wangu. Alishika kile kijisanamu!"

Mzee alifumba macho. Machozi yalimtoka, na Shoka akadhani ni ya maumivu.

"Basi nisikilize kidogo tu—"

"Sikusikilizi. Lete mkono wa kulia."

Hapo ndipo mzee alipopigana. Mpaka dakika ile alikuwa amevumilia tu, lakini sasa alirusha mateke, akang'ata, akaukumbatia mkono wake wa kulia tumboni kama mama anayemficha mtoto. "Chukua huu wa kushoto! Umalize wote! Vunja mguu ukitaka! Huu niachie, nakuomba, niachie mpaka—"

Nyundo ilishuka. Ikashuka tena. Sauti yake ilikuwa ile ile ambayo Shoka aliisikia kila siku kazini. Mara ya tatu mzee hakuukumbatia tena mkono, aliuacha pale mezani kama kitu kilichosahauliwa.

Shoka aliinuka, jasho linamtiririka, akageukia karakana. Akaangusha rafu ya kwanza, Warembo wakamwagika sakafuni, akawaponda kwa buti mpaka wakawa chenga. Alihema, akacheka. Alitamani kaka yake angekuwepo. Kisha akaufungua mlango wa kabati la ukutani, akavuta sinia ili nalo alimwage.

Mkono wake ukasita.

Juu ya sinia palikuwa na udongo wa kufinyangia, bado mbichi, alama za dole gumba zikionekana. Kichwa kama boga. Macho yaliyotoka. Tumbo mbele. Miguu miwili iliyopinda, na mahali pa mguu wa tatu palikuwa na waya mtupu.

"Huyu umemtoa wapi?" Shoka aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mzee alitema damu.

"Miaka yote hii nimewasihi kampuni wawarudishe wale wa zamani," alisema polepole. "Juzi tu ndipo walipokubali, kwa sharti kwamba niwachonge kwa mkono wangu mwenyewe, kama nilivyowachonga mara ya kwanza."